Ludwig Krapf: Mgeni aliyeandika jina la Kenya kabla ya Kenya kuwapo

Abiria anayeteremka matatu pale Adams Arcade, kwenye Barabara ya Ngong jijini Nairobi, husimama katikati ya majina yaliyotoka pande nyingi. Adams ni jina la Adam, mfanyabiashara aliyejenga maduka hayo. Ngong ni neno la Kimaasai linalohusu chemchemi. Kibera, mtaa usio mbali na hapo, ni neno la Wanubi lenye maana ya msitu au pori, na wenyewe hupendelea kuliandika Kibra, tahajia iliyokuja kuwa jina la eneo bunge lililopiga kura kwa mara ya kwanza mwaka wa 2013. Nairobi nayo ni maji baridi ya Wamaasai.

Majina hayo yote, hata hivyo, yamo ndani ya jina moja kubwa zaidi ambalo raia hulitamka kila siku bila kujiuliza ni nani aliyeliandika kwanza. Jina hilo ni Kenya. Aliyelitia katika maandishi ya Ulaya hakuwa mfalme, gavana wala mchoraji ramani. Alikuwa mwana wa mkulima kutoka kusini mwa Ujerumani, mtu mgonjwagonjwa aliyekuwa na daftari mkononi na sikio lililozoea lugha za watu.

Huyo ndiye Johann Ludwig Krapf. Jina lake limo katika anwani ya ubalozi wa Ujerumani katika barabara ya Riverside Drive, Nairobi, ambako jumba la ubalozi huitwa Ludwig Krapf. Limo pia katika makumbusho ya Rabai, kaunti ya Kilifi. Hata hivyo, athari yake kubwa zaidi haimo katika jumba lolote. Imo katika tahajia: katika namna Kiswahili kinavyoandikwa, na katika mjadala, ambao haujaisha, wa nani mwenye haki ya kuamua jinsi neno linavyopaswa kuandikwa.

RAMANI YENYE MAJINA MACHACHE

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika ufalme wa Württemberg ambao leo ni sehemu ya Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima wa madhehebu ya Kilutheri. Akiwa na umri wa miaka 11 hivi alipigwa vibaya na jirani, akaugua kwa miezi kadhaa. Katika kitanda cha ugonjwa alisoma Biblia na kusimulia hadithi zake, na jamaa zake wakaanza kuamini kwamba mtoto huyo alifaa kusomeshwa.

Alipelekwa shule mjini Tübingen. Huko baba yake alimnunulia ramani za dunia. Kijana huyo alipozitazama, jambo moja lilimshangaza: upande wa mashariki mwa Afrika, katika nchi za Adal na Somalia, palikuwa na majina machache mno. Karatasi ilikuwa karibu tupu. Swali la ni nani wanaoishi katika utupu ule, na wanaviitaje vitu vyao, lilimkaa moyoni hata utu uzima.

Alisoma katika chuo cha wamishonari cha Basel, Uswisi, akaacha, kisha akasoma theolojia katika Chuo Kikuu cha Tübingen na kuhitimu mwaka wa 1834. Kwa muda alikuwa msaidizi wa mchungaji wa kijiji. Hatimaye alijiunga na Church Missionary Society, chama cha wamishonari wa Kianglikana chenye makao yake London, ambacho wakati huo kiliwaajiri Wajerumani wengi kwa kuwa Waingereza waliokuwa tayari kwenda Afrika walikuwa wachache.

UHABESHI NA SOMO LA KWANZA LA MAJINA

Mwaka wa 1837 alisafiri kwenda Uhabeshi, nchi ambayo leo ni Ethiopia. Alifika Adwa katika jimbo la Tigray, lakini mwaka uliofuata yeye na wenzake walifukuzwa. Akazunguka na kuingia Shewa, kusini zaidi, ambako Mfalme Sahle Selassie alimpokea. Huko alikaa miaka kadhaa, akajifunza lugha ya Waoromo na kuanza kutafsiri sehemu za Injili katika lugha hiyo.

Hapo ndipo Krapf alipopata somo lake la kwanza kuhusu majina. Watu wa Uhabeshi waliwaita majirani hao Wagalla. Wenyewe hawakujiita hivyo. Walijiita Orma au Oromo. Krapf alilitambua jambo hilo, akaliandika, na hata akapendekeza nchi yao iitwe Ormania. Lakini mazoea yana nguvu: yeye mwenyewe aliendelea kutumia neno Galla katika vitabu vyake, nalo likabaki katika ramani na vitabu vya shule kwa zaidi ya miaka 100. Leo neno hilo huhesabiwa kuwa tusi.

Mwaka wa 1842 Chuo Kikuu cha Tübingen kilimtunuku shahada ya udaktari kwa kutambua kazi yake ya lugha za Ethiopia. Mwaka huo huo alimwoa Rosine Dietrich nchini Misri. Lakini njia ya kurudi Shewa ilikuwa imefungwa. Krapf akafikiria kuwafikia Waoromo kwa kupitia kusini, kutoka pwani ya Bahari ya Hindi. Hivyo basi, Mombasa haikuwa shabaha yake ya awali. Ilikuwa mlango wa nyuma wa kuingilia nchi nyingine.

KABURI LA NG'AMBO YA MOMBASA

Alifika Zanzibar mwezi Januari 1844. Sayyid Said, sultani aliyetawala Oman na pwani ya Afrika Mashariki, alimpokea kwa heshima na kumpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Krapf akachagua kukaa Mombasa pamoja na mkewe, aliyekuwa mjamzito.

Mwezi Julai mwaka huo malaria iliwashika wote wawili. Rosine alijifungua mtoto wa kike, akafariki tarehe 13 Julai. Siku chache baadaye kichanga naye akafa. Krapf, ambaye homa ilikuwa imemwangusha, alishindwa hata kusimama vyema kuwazika. Makaburi yao yako bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa upande wa Nyali, na yangali yanaonekana mpaka leo.

Watu wengi wangepanda jahazi la kwanza na kurudi kwao. Krapf aliandikia chama chake London kwamba kaburi lile lilikuwa ishara kuwa kazi imeanza. Maneno hayo yamesifiwa na baadhi ya wasomaji kama imani, na kushangaza wengine kama ugumu wa moyo. Lililo hakika ni kwamba hakuondoka.

MWANZO KATIKA KISWAHILI

Mwezi mmoja hivi kabla ya msiba huo, Krapf alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili. Hakuifanya kazi hiyo peke yake, na hapa ndipo jina lingine linapostahili kutajwa. Msaidizi wake alikuwa Sheikh Ali bin Mueddin, mtu mwenye asili ya Barawa aliyekuwa kadhi wa Mombasa. Kadhi huyo, mwanazuoni wa Kiislamu, ndiye aliyempimia mmishonari maneno ya Kikristo katika mizani ya Kiswahili safi cha mji wake. Kazi ya mwanzo ya kutafsiri Biblia katika lugha hii ilizaliwa mezani pa watu wa dini mbili.

Sura tatu za kwanza zilifika Marekani na kuchapishwa mwaka wa 1847 katika jarida la jumuiya ya Wamarekani wa elimu ya Mashariki. Kichwa cha makala hayo kiliiandika lugha yenyewe Sooahelee, kwa kufuata sikio la Mwingereza asomaye herufi mbili za o kama u na mbili za e kama i. Krapf mwenyewe, kwa sikio la Kijerumani, aliandika Suaheli na baadaye Suahili. Wafaransa nao wakawa na yao, Souahéli. Neno moja la Kiarabu, sawahil, yaani pwani nyingi, lilivaa kanzu tofauti katika kila bandari ya Ulaya kabla ya tahajia ya leo kushinda.

HERUFI ZA NANI?

Hapa ndipo penye uamuzi mzito kuliko yote aliyoyafanya Krapf. Alipofika Mombasa, Kiswahili hakikuwa lugha isiyo na maandishi. Kilikuwa kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa muda mrefu. Barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka wa 1711 zimehifadhiwa huko Goa, India. Utenzi wa Hamziya ulitafsiriwa katika karne ya 17. Muyaka bin Haji, mshairi mkuu wa Mombasa, alikuwa amefariki miaka michache tu kabla Krapf hajatia mguu mjini.

Krapf aliijua hazina hiyo na akaithamini. Alijipatia hati ya utenzi wa kale wa vita, uitwao Chuo cha Herkali au Utendi wa Tambuka, akaipeleka Ujerumani mwaka wa 1854 ili ihifadhiwe na jumuiya ya wataalamu wa lugha za Mashariki. Pamoja na hayo, alipendekeza kwamba Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kirumi.

Zipo sababu za kiufundi zinazoweza kutetea pendekezo hilo. Hati ya Kiarabu kama ilivyotumika pwani haikuwa na alama maalumu ya p, ch, v wala g. Herufi moja ilibeba sauti mbili au tatu, na msomaji alitakiwa kuijua lugha kwanza ili ajue neno gani limekusudiwa. Irabu e na i zilitumia alama moja, vivyo hivyo o na u. Kwa mgeni, maandishi hayo yalikuwa fumbo.

Lakini Krapf hakuficha kwamba alikuwa na sababu nyingine. Alikuwa mmishonari. Aliona kwamba herufi za Kiarabu zingewafungulia watu wa bara mlango wa kuingia katika Uislamu, naye alitaka mlango mwingine. Kwa hiyo suala la tahajia halikuwa la sauti peke yake. Lilikuwa pia suala la imani, la mamlaka, na la nani atakuwa mwalimu wa nani.

Matokeo yake yako wazi. Herufi za Kirumi, zilizotiliwa nguvu na wamishonari waliomfuata na kisha na serikali za kikoloni, zilikiwezesha Kiswahili kuingia shuleni, magazetini na maofisini kutoka Mombasa mpaka Kongo. Upande wa pili wa sarafu ni kwamba vijana wengi wa Kiswahili leo hawawezi kusoma hati ya babu zao. Mjukuu anaweza kurithi sanduku la tenzi na asijue lililomo. Faida na hasara hiyo zote mbili zimo katika uamuzi mmoja.

KITUI, 3 DESEMBA 1849

Mwaka wa 1846 Krapf alipata mwenzake, Johannes Rebmann, Mjerumani wa Württemberg kama yeye. Wakahamia Rabai, katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, wakajenga kituo ambacho Krapf alikiandika Rabbai Mpia, yaani Rabai Mpya. Rebmann ndiye aliyeuona Kilimanjaro kwanza kati ya Wazungu walioacha maandishi, tarehe 11 Mei 1848, na kuripoti kuwa kilele chake kilikuwa na theluji.

Krapf naye alijaribu kulifumbua jina la mlima huo. Alisema lingeweza kuwa na maana ya mlima wa ukuu au mlima wa misafara. Hakuna aliyemthibitisha. Neno kilima katika Kiswahili ni mlima mdogo, na si rahisi kueleza kwa nini mlima mrefu kuliko yote barani Afrika uitwe kwa udogo. Sehemu ya pili ya jina, njaro, imewashughulisha wataalamu hadi leo bila jibu linalokubaliwa na wote. Mfano huo waonyesha hatari iliyomkabili kila mwenye daftari: kusikia neno ni jambo moja, kujua asili yake ni jambo lingine kabisa.

Mwishoni mwa 1849 Krapf alisafiri kwa miguu kwenda Ukambani. Mwenyeji wake alikuwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu aliyekuwa na makao karibu na Kitui, ambaye misafara yake ilifika pwani. Kivoi alimweleza habari za mlima mweupe ulio mbali zaidi ya ule wa Wachagga. Tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yakafunguka kwa muda mfupi, naye Krapf akaona kwa mbali vilele viwili mithili ya pembe vyenye rangi nyeupe.

Akauliza jina, akajibiwa kwa Kikamba, akaandika. Wakamba huuita mlima huo Kĩĩnyaa. Wakikuyu huuita Kĩrĩnyaga, na Waembu wana umbo lao linalokaribiana na hayo. Majina hayo huhusishwa na weupe na weusi wa mlima, theluji juu ya mwamba, kama manyoya ya mbuni dume. Krapf aliliandika kwa namna mbili, Kenia na Kegnia. Tahajia ya pili hutatanisha msomaji wa leo, lakini huenda ilikuwa jaribio la kushika sauti ya ny kwa herufi g na n, kama zifanyavyo Kiitaliano na Kifaransa. Irabu ndefu ya mwanzo ya Kikamba ilipotea njiani, na ile ya mwisho ikafupishwa. Hivyo ndivyo neno la Mkamba lilivyopita katika sikio la Mjerumani likawa jina la nchi.

Wataalamu wa Ulaya hawakumwamini. William Desborough Cooley, mwanajiografia aliyekaa London na ambaye hakuwahi kuikanyaga Afrika Mashariki, alipinga kwa ukali habari za theluji chini ya ikweta. Ilikuwa mpaka mwaka wa 1883, Krapf akiwa ameshakufa, ambapo Joseph Thomson wa Scotland aliuona mlima huo kwa karibu na kuthibitisha kuwa mmishonari yule hakudanganyika. Mwaka wa 1899 Halford Mackinder alifika kileleni.

Serikali ya Uingereza iliiita nchi East Africa Protectorate kuanzia mwaka wa 1895. Mwaka wa 1920 ikalichukua jina la mlima na kuitangaza Kenya kuwa koloni, huku ukanda wa pwani, uliohesabiwa bado kuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, ukibaki nchi ya ulinzi. Walowezi walilitamka jina hilo kana kwamba limeandikwa Kiinya. Baada ya uhuru wa 1963 matamshi yenye e ndiyo yaliyoshika. Herufi hazikubadilika hata moja; kilichobadilika ni mdomo uliozisoma.

MAJINA YALIYOKATALIWA

Si kila jina aliloandika Krapf lililodumu. Watu wa Rabai na majirani zao aliwaita Wanika, kwa kufuata watu wa mjini waliowaita Wanyika, yaani watu wa porini. Jina hilo lilitumika katika vitabu na nyaraka za serikali kwa karne nzima. Katika miaka ya 1940 wenyewe walilitupa na kujiita Mijikenda, miji tisa, kwa kukumbuka kaya tisa za asili. Leo hakuna anayewaita Wanika isipokuwa katika kurasa za historia.

Mtawala wa Washambaa, Kimweri, ambaye Krapf alimtembelea katika milima ya Usambara mwaka wa 1848 na tena 1852, aliandikwa Kmeri. Tahajia hiyo nayo imekufa. Jambo linalojitokeza ni kwamba jina hudumu pale wenyewe wanapolikubali, si pale mgeni anapolichapa. Kenya lilikubaliwa, Wanika likakataliwa.

Safari zenyewe hazikuwa za mzaha. Mwezi Agosti 1851, katika safari ya kuelekea mto Tana, msafara wa Kivoi ulishambuliwa na mwenyeji huyo akauawa. Krapf alitoroka peke yake, akatangatanga nyikani kwa njaa na kiu, akiukinga uhai wake kwa maji aliyoyatia katika mtutu wa bunduki yake. Alipofika tena kwa jamaa za Kivoi alishukiwa, kwa kuwa mila ilimtaka mgeni afe pamoja na aliyemkaribisha au amkinge. Aliponea chupuchupu.

Mipango yake ilikuwa mikubwa kuliko nguvu zake. Aliota mnyororo wa vituo vya wamishonari kuanzia Mombasa mpaka pwani ya magharibi ya Afrika. Waliobatizwa Rabai katika miaka yake walihesabika kwa vidole. Mwaka wa 1853 afya ilimshinda, akaondoka. Rebmann alibaki hadi mwaka wa 1875, akiwa ameshapofuka macho.

KAMUSI YA MAREHEMU

Krapf alihamia Korntal, karibu na Stuttgart. Alichapisha habari za safari zake kwa Kijerumani mwaka wa 1858 na kwa Kiingereza mwaka wa 1860. Mwaka wa 1862 alirudi pwani kwa muda kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo cha Ribe. Mwaka wa 1867 alichukuliwa kuwa mkalimani wa jeshi la Waingereza lililokwenda Uhabeshi, lakini ugonjwa ukamrudisha tena.

Katika miaka hiyo yote alikuwa na kazi moja asiyoiacha. Tangu mwaka wa 1850, alipochapisha muhtasari wa sarufi ya Kiswahili na orodha ya maneno ya lugha sita za Afrika Mashariki, alikuwa akikusanya kamusi kubwa. Neno lilipoingia, liliingia pamoja na sentensi ya kulieleza, mila inayoambatana nalo, na mara nyingi habari za namna linavyosemwa Unguja, Pemba au Lamu.

Tarehe 26 Novemba 1881 alikutwa amekufa, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi ilitoka London mwaka uliofuata. Mwenyewe hakuiona ikiwa imechapwa.

KIMVITA NA KIUNGUJA

Tatizo lilikuwa kwamba kitabu kilifika kikiwa na mpinzani. Krapf alijifunza Kiswahili Mombasa, na kamusi yake imejengwa juu ya Kimvita. Lakini Edward Steere, mmishonari wa Kianglikana wa Zanzibar aliyekuja kuwa askofu, alikuwa amechapisha mwongozo wake wa Kiunguja mwaka wa 1870. Penye njia ya Unguja, Mombasa ilisema ndia. Penye njoo, ndoo. Mchele ulikuwa mtele, mchanga ukawa mtanga, na kucheka kukawa kuteka.

Kwa mtu wa kawaida hizo ni tofauti za kuchekesha barazani. Kwa mwenye matbaa, shule na serikali, ni suala la ni watoto gani watakaoambiwa wanakosea. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka wa 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi tarehe 1 Januari 1930, na kamusi iliyosimamiwa na Frederick Johnson ikatoka mwaka wa 1939. Uamuzi wa kuiweka kando lahaja ya Mombasa ulifanyiwa mjini Mombasa kwenyewe, jambo ambalo wapenzi wa Kimvita hawakulisahau.

Hasara haikuwa ya maneno tu. Msemaji wa Kimvita hutofautisha kwa pumzi paa la nyumba na paa mnyama, kaa la moto na kaa wa pwani. Tahajia sanifu haitofautishi. Huyaandika mamoja na kumwachia msomaji kazi ya kubahatisha kwa kutazama maneno ya jirani. Kwa namna hiyo, lawama iliyotupiwa hati ya Kiarabu, kwamba herufi moja hubeba sauti mbili, imeifuata hati ya Kirumi pia.

Ndiyo maana kamusi ya Krapf haijafa. Mtafiti anayekutana na neno gumu katika shairi la kale la Mombasa, neno ambalo kamusi za shule hazilijui, mara nyingi hulikuta humo, likiwa limeandikwa kwa tahajia ya ajabu lakini likiwa na maana yake kamili na mfano wake. Kitabu kilichoshindwa katika ushindani wa usanifu kimegeuka kuwa ghala la lugha iliyosukumwa pembeni.

KUMPIMA KRAPF

Si haki kumfanya Krapf malaika. Aliwatazama Waislamu wa pwani na watu wa bara kwa macho ya karne yake, na hukumu zake juu ya desturi zao mara nyingi zilikuwa kali na zisizo na huruma. Ramani iliyotoka Rabai mwaka wa 1856, kazi ya Rebmann na mwenzao Jakob Erhardt, iliwavuta Burton na Speke, na nyuma ya wavumbuzi wakaja wenye bendera. Aidha, majina ya walimu wake wengi, waswahili, Wakamba na Warabai waliomtolea maneno, hayamo kwenye jalada la kitabu chochote. Bila kadhi Ali bin Mueddin na bila Kivoi, daftari lake lingekuwa tupu kama zile ramani za utotoni.

Lakini si haki pia kumsahau. Katika zama ambazo wageni wengi waliona Afrika ina lahaja za kelele tu, Krapf aliamini kuwa kila neno lililosemwa Mombasa, Rabai au Kitui lilistahili kuandikwa, kupangwa na kuelezwa. Alikosea tahajia nyingi, akakisia asili za maneno bila ushahidi, akachagua lahaja ambayo serikali haikuichagua. Pamoja na makosa hayo, aliandika alichokisikia na kukiacha wazi kwa wengine wakisahihishe.

Nao wenyewe wamesahihisha. Waoromo wamerudisha jina lao. Wanyika wamekuwa Mijikenda. Kibera inapigania kuwa Kibra. Wakenya wamelichukua jina lililoandikwa Kegnia, wakaliacha liandikwe Kiingereza na Kiswahili kwa herufi zile zile tano, na kulitamka wapendavyo. Kazi ya kuandika majina ya nchi hii ilianza na mgeni. Ya kuyamaliza imebaki kwa wenyeji.